Pembere na Mlango wa Bi Hondo

Paukwa!
*Pakawa!*
Pakawa nini?
*Pakawa mti, mti una tundu, tundu lina mlango, mlango una ufa!*
Na ufani pana nini?
*Pana jicho linalochungulia!*
Lifumbeni jicho, lizibueni sikio, nipate kusema.

Wewe Mastura, hicho kicheko kimeze. Nimekisikia. Tangu jana unawaambia wenzako kwamba yule anayelia kule msituni, anayeanza kwa kukwaruza kama mlango wenye bawaba mbovu, kisha akapanda, akapanda, mpaka akapiga ukelele kama mtu anayechinjwa, eti ni mzimu, na kama si mzimu basi ni dude kubwa kama ng'ombe. Nikakwambia ni Pembere. Ukasema, "Pembere? Kile kinyama cha ukubwa wa paka? Bibi anazeeka." Nazeeka, ndiyo. Masikio yangu hayajazeeka. Umewahi kumwona Pembere akilia? Hujamwona. Umewahi kumuuliza analilia nini? Hujamuuliza. Basi kaa kitako, kunja miguu, na ukitaka kubisha ubishe nikimaliza. Mwenye kubisha kabla ya kusikia ndiye hasa hadithi hii inayemtafuta.

Na nyinyi wengine leo mna kazi. Nikisema, "Umeuliza?" nyinyi mtajibu, "Nimeona!" Haya, tujaribu. Umeuliza?

*Nimeona!*

Hivyo hivyo. Mtakuja kulionea haya jibu hilo, lakini si sasa.

Hapo kale, kale ya kale, kabla shoka halijaijua njia ya msituni, palikuwa na mvule. Mvule mmoja, matundu mawili. Tundu la juu wakikaa Bwana Hondohondo na mkewe, Bi Hondo. Tundu la chini wakikaa Pembere na mkewe, Sikudhani. Juu ndege, chini mnyama. Juu mbawa, chini miguu. Lakini mti ni mmoja, na kivuli ni kimoja, na asubuhi wakiamkiana kama majirani wowote.

Siku zile Pembere alikuwa mtu wa mchana. Eh, msinitolee macho, nasema mchana. Jua likichomoza, naye anachomoza. Anajilaza juu ya tawi, tumbo kwenye gome, anaota jua. Na hapo anapoota jua ndipo anapofanya kazi yake. Kulima halimi, kufuma hafumi. Kazi yake kulinganisha. Analinganisha nini? Nafsi yake na jirani yake wa juu. Na alikuwa na wimbo wa kazi hiyo:

*Hondo ana domo, mimi nina meno,*
*Hondo ana mbawa, mimi nina nyayo,*
*Tupimeni, majirani, semeni jibu leo!*

Kusema kweli, nyayo anazo. Nyayo za Pembere zina unyevunyevu, zikigusa gome zinashika kama gundi. Na meno anayo, mawili ya mbele, marefu, makali kama patasi. Mungu hakumnyima. Lakini mtu aliyeridhika na alichopewa hana haja ya kumtazama jirani kila asubuhi, au vipi?

Basi, masika yakaisha. Bi Hondo akaingia ndani ya tundu lake, asitoke. Na Bwana Hondo akaanza kuleta udongo. Anakwenda bondeni, anarudi na donge la udongo mdomoni, analitua mlangoni. Anakwenda, anarudi. Anakwenda, anarudi. Siku ya kwanza kizingiti kikapanda. Siku ya pili nusu ya tundu ikazibika. Siku ya tatu pakawa kiambaza kitupu, kimekauka, kigumu kama chungu kilichochomwa, na katikati umeachwa ufa. Ufa mwembamba kama kidole changu hiki.

Pembere alikuwa tawi la chini. Alichokiona ni mgongo wa Bwana Hondo na udongo unaopanda. Yaliyokuwa upande wa pili wa udongo hakuyaona. Lakini hakuona kwamba hakuona. Akaruka, akamwita mkewe.

"Sikudhani wee! Sikudhani! Njoo uone mambo. Jirani kamzika mkewe hai!"

Sikudhani alikuwa anatoka kutafuta majani. Alikuwa na mimba, na mimba ya pembere si ya mchezo, ni miezi saba na siku juu yake. Alikuwa anapanda mti hatua moja, anapumzika, hatua moja, anapumzika. Akatua majani yake, akafuta jasho, akasema:

"Umeuliza?"

*Nimeona!*

"Umeona udongo. Udongo hausemi."

"Ah, mwanamke, hujui mambo. Ni wivu huo. Kamfungia ili asitazamwe. Na mimi je? Nimewahi kukufungia mimi? Si unatoka upendapo, unarudi upendapo?"

Sikudhani akamtazama. Akayatazama majani aliyojichumia mwenyewe. Akaingia ndani kula.

Wimbo wa Pembere ukapata mstari mpya:

*Hondo kamfunga mke, wangu hana komeo!*

Akakaa nao wiki kadhaa juu ya tawi lake, kisha akautoa nje. Siku ya kwanza akauimba mkuyuni, walikokuwa wakila kima na ndege wadogo. Akasema, "Hondo kamfungia mkewe." Watu wakasema, "Kumbe!"

Siku ya pili akauimba mtoni. Akasema, "Hondo kamfungia mkewe, na chakula anampa kuyu moja kwa siku." Watu wakasema, "Masikini!"

Siku ya tatu akauimba uwandani, mbele ya mbega wote, wakubwa kwa wadogo. Akasema, "Hondo kamfungia mkewe, anampa kuyu moja kwa siku, na usiku nasikia analia." Hakusikia kilio chochote. Alikuwa amelala fofofo. Lakini mdomo ni jumba la maneno, na jumba la Pembere lilikuwa limejaa mpaka barazani.

Na Bwana Hondo? Bwana Hondo alikuwa anapita juu ya vichwa vyao, koo limevimba kwa makuyu, mabawa yanavuma, fuu, fuu, fuu. Anakwenda mkuyuni, anarudi mvuleni, anaupachika mdomo kwenye ufa, anatoa tunda moja, la pili, la tatu. Kisha huyoo tena. Alikuwa amekonda. Shingo ilikuwa imebaki kamba. Vijana wa kima wakampigia kelele, "Askari jela huyo! Funguo ziko wapi, mzee?" Bwana Hondo hakujibu.

"Mnaona?" akasema Pembere. "Hana la kujibu."

Mwenye makuyu kooni atajibu kwa njia gani? Na hata kama koo lingekuwa tupu, kuna mambo ya nyumbani ambayo mwanamume mwenye haya hayatangazi juu ya miti. Lakini Pembere, umeuliza?

*Nimeona!*

Haya.

Sasa mle uwandani, nyuma ya mbega wote, alikuwa amekaa Ngawa. Mnamjua Ngawa: madoa mgongoni, mkia wa pete, sauti ya asali. Anapenda sana watoto wa watu. Anawapenda wabichi. Ngawa akasikiliza wimbo mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huzuni, machozi yakamlengalenga. Watu walipotawanyika akamsogelea Pembere.

"Ndugu yangu," akasema, "mimi nimekaa nikakulinganisha."

Aa! Mtu akijua chambo cha samaki, hana haja ya nyavu.

"Umenilinganisha na nani?" akauliza Pembere. Hilo aliliuliza upesi.

"Na Mbega. Mbega ana joho zuri, lakini hana kidole gumba, atachimbaje kiambaza? Nimekulinganisha na kima. Kima ana vidole, lakini ana akili? Nimejilinganisha mimi mwenyewe. Kucha zangu ni za kupandia, si za udongo mkavu. Nimeangalia msitu mzima. Mwenye nyayo za kusimama juu ya mvule na meno ya kubomoa ni mmoja tu. Mwanamke yule analia, ndugu yangu. Nani atamtoa?"

Pembere akahisi kifua kinapanuka. Hajawahi kulinganishwa akashinda. Siku zote alikuwa anajilinganisha mwenyewe na kujipa ushindi mwenyewe, na ushindi wa kujipa hauna shibe. Huu ulitoka kwa mtu.

"Nitamtoa," akasema. "Kesho. Hondo akiwa mkuyuni. Waite watu."

"Usijali," akasema Ngawa. "Mimi mwenyewe nitakuwepo. Mbele kabisa."

Kesho yake asubuhi watu wakaja, wakajaa. Mbega wakakaa kwenye matawi ya mti wa jirani, kima wakakaa chini yao, komba wakaamka kwa ajili ya shughuli hiyo, macho mekundu. Mzee Mbega, mkubwa wao, akasema maneno mawili matatu kuhusu heshima ya wanawake. Ngawa akakaa chini ya shina, mikono mbele, mpole kama mgeni wa Ijumaa.

Pembere akaanza kupanda. Sikudhani akatokeza kichwa tunduni mwake.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Kumtoa jirani."

"Umeuliza?"

*Nimeona!*

"Basi piga hodi. Hata kama umeona. Hodi tatu. Ukiitikiwa ingia, usipoitikiwa rudi. Ndivyo tulivyolelewa."

"Hodi!" Pembere akacheka, akageuka ili watu wamsikie. "Mfungwa anapigiwa hodi? Mfungwa ana mlango wake?"

Watu wakacheka. Sikudhani akarudisha kichwa ndani.

Pembere akafika juu. Akaona kiambaza kina mikwaruzo mipya, minne minne, kama ya kucha. Hakujiuliza ni ya nani. Akaweka meno ufani. Akauma. Donge likaanguka. Watu wakashangilia. Akauma tena. Donge likaanguka. Watu wakaimba, *Hondo kamfunga mke!* Akauma mara ya tatu, akavuta kwa nguvu zote, na kiambaza kizima kikatoka, kikaporomoka, kikapasuka chini, pwaa!

Jua likaingia ndani ya tundu lile.

Wimbo ukakatika katikati, kama uzi.

Bi Hondo alikuwa ameketi. Hakufungwa kamba, hakuwa na jeraha. Lakini hakuwa na unyoya. Mbawa tupu, mkia mtupu, ngozi nyekundu kama ya kuku aliyetiwa maji ya moto. Na chini yake, juu ya manyoya yake mwenyewe yaliyotandikwa kama godoro, makinda mawili, macho hayajafumbuka, vichwa vikubwa, shingo nyembamba, vinywa wazi.

Mzazi. Mzazi ndani ya arobaini yake. Naye Pembere amemfungulia mlango mbele ya halaiki, uchi kama alivyo.

Mzee Mbega akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba. Akajifunika uso kwa joho, akageuka. Wake zake wakageuka. Kima wakageuka, na mama zao wakawaziba watoto macho. Mti mzima ukageuka, ukabaki migongo mitupu.

Bi Hondo hakupiga kelele. Laiti angepiga. Angemtukana, Pembere angekuwa na la kujibu. Alijikunyata tu, akawafunika wanawe kwa mifupa ile ya mabawa, akasema polepole:

"Bwana Pembere. Jirani yangu wa chini. Mlango huu niliukandika mwenyewe. Mume wangu analeta udongo, mimi najenga, kwa mdomo wangu, kwa ndani. Niliingia kwa miguu yangu. Nguo zangu nimezivua mwenyewe, nikawatandikia hawa. Zikiota nyingine nitatoka. Ungepiga hodi, ningekuambia."

Pembere akatafuta neno. Yeye, jumba la maneno! Akapapasa chumba hiki, akapapasa chumba kile, hakupata hata moja. Masikio yakamwaka moto. Akataka kutazama ndani, hawezi, ndani pana uchi. Akataka kutazama nje, hawezi, nje pana migongo, na kila mgongo ulikuwa unasema naye. Akatazama chini.

Chini palikuwa na uso mmoja ambao haukugeuka. Ngawa alikuwa anapanda. Taratibu, ulimi nje, macho tunduni.

"Ahsante, ndugu," akasema Ngawa, na ile asali ilikuwa imekwisha sautini. "Juzi nilikwaruza mpaka kucha zikaniuma. Sasa nipishe."

Ndipo Pembere alipoelewa. Akaelewa mikwaruzo. Akaelewa machozi. Akaelewa amelinganishwa na nani: amelinganishwa na nyundo.

Mnadhani alifanya ushujaa? Hakuwa na ushujaa. Alikuwa na aibu, na aibu haimwambii mtu pigana, inamwambia jifiche. Na pale juu palikuwa na mahali pamoja tu pa kujificha. Akarudi kinyumenyume, macho ameyafumba asimwone mwenye nyumba, akatanguliza matako ndani ya tundu. Yakakwama. Yakaziba tundu lote, pembeni hapapiti hata sisimizi.

Cheka, Mastura, cheka. Hapo nimekuruhusu.

Ngawa akafika, akakuta uso. Akaukwaruza. Na kwa ndani Bi Hondo, akiona matako ya mwanamume yanaingia chumbani kwake, angefikiri nini? Akampiga mdomo. Na mdomo wa hondohondo si sindano ya kushonea vitambaa. Ta! mgongoni. Ta! palepale. Ta! palepale. Mbele kucha, nyuma mdomo, na yeye katikati, haendi mbele, harudi nyuma. Akafungua kinywa apige kelele. Koo lilikuwa limekauka kwa vumbi la kiambaza. Sauti ikatoka ikikwaruza, kwaa... kwaa... kwaaa... ikapanda, ikapanda, mpaka ikawa ukelele uliofika mkuyuni.

Bwana Hondo akausikia. Akameza alichobeba, akarudi fuu, fuu, fuu, na domo lile mbele yake kama jembe. Ngawa alipata pigo moja la kisogo. La pili hakulingoja. Alishuka kwa njia ya mkato: alianguka.

Watu wakageuka kuona kuna nini. Wakaona nini? Wakamwona Pembere amejipachika ndani ya nyumba ya mzazi, uso unatoka damu, na Bwana Hondo amesimama mbele yake. Hapakuwa na aliyemwona Ngawa akipanda. Walikuwa wamegeuka! Aibu ya Pembere ilikuwa na mashahidi msitu mzima. Lile tendo lake moja la maana halikuwa na hata mmoja, isipokuwa mwanamke aliyeona upande wa nyuma.

"Toka," akasema Bwana Hondo.

Akatoka.

Akangoja matusi. Bwana Hondo hakutukana. Alitazama tundu lililo wazi, akatazama chini vipande vya kiambaza, akatazama kule mbali kwenye makuyu. Mdomo ni mmoja. Akileta udongo, wanawe watalala njaa. Akileta makuyu, mlango utabaki wazi, na Ngawa ameanguka tu, hajafa. Pembere aliona hesabu hiyo ikipita usoni kwa yule mtu aliyekonda, na akatamani yale matusi.

"Udongo," akasema Bwana Hondo. Neno moja. Akaruka kwenda kutafuta chakula.

Pembere akashuka bondeni. Hakuwa na mikono ya kubebea, alikuwa na kinywa. Kinywa kilekile. Akakijaza matope, akapanda. Ardhi ilikuwa imekauka, ikabidi afukue mpaka penye unyevu. Alikwenda, akarudi. Alikwenda, akarudi. Alikuwa anaweka donge mlangoni akiwa ameelekeza uso pembeni, na mdomo mrefu unatoka ndani, unalichukua, unalipaka, unalisawazisha, ta, ta, ta. Kumbe ni yeye. Kumbe tangu siku ya kwanza ni yeye. Siku tatu alikuwa anatazama mgongo wa mume, na mjenzi alikuwa ndani.

Mara zote hizo watu walikuwa kwenye matawi. Hawakumzomea. Alipopita, waliacha kuzungumza, na alipokwisha kupita, wakaanza tena kwa sauti ya chini. Kitoto kimoja cha kima kikaimba, "Hondo ana domo..." Mama yake akakifinya. "Nyamaza. Huoni yuko hapa?" Maneno hayo yalimuuma Pembere kuliko kucha za Ngawa. Alikuwa amekuwa kitu cha kunyamaziwa, kama msiba.

Siku ya tatu pakabaki ufa. Pembere akaleta donge la mwisho, akasimama. Alitaka kusema. Lakini kinywa kilikuwa kimejaa, na alipokwisha kukitema, akasafisha ulimi, akakohoa, ufa ulikuwa umebaki kama kidole na mdomo ulikuwa umekwisha rudi ndani.

Akateremka nyumbani. Sikudhani alikuwa amelala ubavu, tumbo mlima.

"Umechoka?" akamuuliza.

"Nimechoka."

"Basi kaa nikulinganishie, wewe pumzika. Hondo ana domo, wewe una meno. Hondo ana mbawa, wewe una nyayo. Hondo kamfunga mke, wako hana komeo. Kweli, sina. Ule mlango wenye ufa wa kidole unapitisha makuyu tangu asubuhi mpaka jioni. Wangu uko wazi hivi, ng'ombe anapita. Miezi saba, baba. Umepitisha jani gani?"

Pembere akainuka. Alitoka nje, akachuma majani, yale machanga ya kileleni, akamletea. Sikudhani akala. Hakusema ahsante. Na mimi ningekuwa yeye nisingesema.

Tangu siku hiyo Pembere hakuota jua tena. Jua lina macho. Likichomoza anaingia, likizama ndipo anatoka kutafuta majani ya mkewe. Na pale mgongoni, mdomo wa Bi Hondo ulipompiga mara tatu, nywele zilirudi nyeupe. Mkimshika pembere leo, geuzeni manyoya ya mgongo, mtaliona doa. Mastura, usinitazame hivyo. Kamshike.

Huko ndani ya giza lake alikuwa anatengeneza maneno ya kumwambia Bi Hondo siku atakayotoka. Akamsomea mkewe.

"Nisamehe, Bi Hondo, macho yangu yalikosea."

"Hayo ni makosa ya macho," akasema Sikudhani.

"Nisamehe, Bi Hondo, Ngawa alinidanganya."

"Hayo ni makosa ya Ngawa."

Akasema kwa sauti ambayo mkewe ilibidi ainamishe sikio:

"Sikuuliza."

"Hilo ndilo lako," akasema Sikudhani. "Lipeleke."

Siku ikafika. Jioni iliyotangulia Bwana Hondo alikuwa amepita tundu la chini, akasimama, akasema neno lake lilelile: "Udongo. Kesho." Kwani makinda yalikuwa hayajaweza kuruka, mama akitoka, mlango lazima urudi. Pembere hakulala. Alfajiri alikuwa bondeni. Jua lilipotoka lilimkuta juu ya tawi, mchana kweupe, mbele ya msitu mzima uliokuja kumpokea mzazi, kinywa kimejaa udongo mpaka mashavuni.

Kwa ndani, ta, ta, ta. Kiambaza kikapata ufa mpana. Kikadondoka. Bi Hondo akatokeza kichwa, akatokeza shingo, akatokeza mabawa. Manyoya mapya! Meusi yanang'aa kama yamepakwa mafuta, meupe kama nguo ya bafta. Vigelegele vikaporomoka kutoka kila tawi. Mzee Mbega alilia.

Pembere akasogea kizingitini. Hodi aliikumbuka. Akaipiga kama alivyoweza, na kinywa kile: "Mhm. Mhm. Mhm." Tatu kamili.

Bi Hondo akashusha macho. Akamtazama. Pembere alikuwa na makovu usoni na udongo unamchuruzika kidevuni. Vigelegele vikafa. Watu wote wakavuta pumzi, maana hapa palikuwa na neno la kusemwa, na kila mtu alilingoja.

Pembere akautua udongo mbele ya miguu ya Bi Hondo. Ili aseme, ilibidi autue. Akafungua kinywa. "Siku..."

Koo likakwaruza. Lilikuwa limekauka kama siku ile. "Siku..." Likakwaruza tena. Kwaa... kwaa... Watu wanatazama. Neno limefika kooni, limekaa kimshazari, halitoki, halirudi. Na halijatoka mpaka leo. Ndilo hilo analolisukuma kila giza likiingia, linakwaruza, linapanda, linapanda, linaishia kuwa ukelele, na bado si neno. Umesikia, Mastura? Huo si mzimu. Ni neno moja dogo lililochelewa.

Haya, wote. Umeuliza?

Mbona kimya? Vizuri.

Na Bi Hondo? Bi Hondo hakuwa na siku nzima ya kungoja. Hakusema nimekusamehe, hakusema sijakusamehe. Aliinama, akauchukua ule udongo, akautazama, ukamfaa. Akatoka. Akageuka, akaufunga mlango.

Hadithi yangu imeingia kwa ufa, imetoka kwa mlango. Mwenye kuitaka na aichukue, asiyeitaka na aiache kizingitini. Lakini akirudi kesho kuichukua, apige hodi.